Kigeu Kinachokula Bure

“Futa hicho kigeu, shemeji,” bosi alisema akichungulia mistari ya programu kwenye skrini. “Kimekaa tu kinakula bure, kama wewe kwa dada yangu.”

Fundi akacheka, akafuta. Onyo la njano lililomsumbua asubuhi nzima, kwamba kigeu, lile jina la kuhifadhia thamani ndani ya programu, hakitumiki, likatoweka. Akabonyeza, programu mpya ya kuunganisha mtandao ikaanza kwenda kwenye mashine za hospitali, zile zinazowapelekea wauguzi mapigo ya moyo ya wagonjwa. Kila mashine hung'oa ya zamani kwanza, ndipo ijijengee mpya.

Macho yake yakateremka kidogo. Kigeu kilekile kilikuwa kinatumika huko chini, katika kipande ambacho kompyuta yake hukiruka, maana kiliandikiwa mashine kuukuu tu. Bila kigeu, hizo zitang'oa na hazitajenga kitu, na wauguzi hawatapata mapigo.

“Mashine kuukuu ziko wodi gani?”

“Ya wazazi, alikolazwa mkeo. Kwani vipi?”

Fundi alishazama chini ya meza. Waya wa mtandao ukagoma kuchomoka. Akauvuta mpaka ukucha ukavunjika, ndipo ukaachia.

Juu ya meza, simu ya hospitali ikaanza kuita. Bosi akanyoosha mkono, akaurudisha.

“Pokea wewe, shemeji.”