Valvu ya Chumba cha Mama

Valvu ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, na mpini wake umeng'olewa.

Fundi Method alipiga magoti kando ya rejeta, ile hita ya maji moto ya chumbani, akaimulika tena kwa tochi ya simu. "Dada Cherono, hiki chuma hakina ubovu wowote. Kuna mtu amezuia maji ya moto yasiingie."

Cherono aliinama akaiangalia mwenyewe. Kwa wiki tatu mama yake, Anna, alikuwa akilala na makoti mawili katika chumba hiki, akikohoa, na vyumba vingine vyote vya nyumba hii kuukuu ya Takoma Park, Marekani, vina joto. Cherono ni nesi. Mara mbili alimsikiliza mapafu kwa hofu. Kumbe ni mkono wa mtu.

Na nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mama yake aliyetoka Bomet, Kenya, mwezi wa tisa, na rafiki yake Wamaitha.

Yeye na Wamaitha walikuwa wamekaa pamoja miaka tisa. Walipokuwa wageni nchini, walikuwa na jozi moja ya buti za theluji, wakizivaa kwa zamu, anayetoka kazini akimvulia anayekwenda. Anna alipofika, Wamaitha alihamia chumba cha chini ili mama apate chumba chenye jua. Alikitoa kwa roho safi. Ama ndivyo Cherono alivyodhani.

Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika. Aliuliza tu atarudi lini kwake, na kila mara Cherono alimjibu, "Utazoea, mama."

"Sasa nikuwekee ipi?" Method aliuliza. Alikuwa ametandaza valvu zake juu ya gazeti. "Bomba lako linatokea sakafuni, kwa hiyo hizi zilizonyooka hazifai. Itabidi ya kona. Kuna hii ya kuzungusha kwa mkono, na kuna hii inayojipima joto yenyewe. Hii ina kifuniko cha kufunga, hakuna wa kuichezea."

"Hiyo isiyochezewa."

Wamaitha alirudi saa kumi, bado amevaa sare ya kazi. Cherono alikuwa akimngoja jikoni.

"Ni wewe ulifunga hita ya mama?"

"Hapana."

"Basi ni nani?"

Wamaitha alitazama mlango wa chumba cha Anna, kisha akatazama chini. "Cherono, tafadhali usiniulize."

"Nakuuliza! Mtu wa miaka sabini na tatu. Kama ulitaka chumba chako, si ungesema tu?"

"Sikutaka chumba."

"Hata nyoka huuma akikanyagwa, Wamaitha. Mimi nilikukanyaga wapi?"

Wamaitha alifungua mdomo, akaufunga. Kwa Cherono, kimya hicho kilitosha. Miaka tisa, na hakumjua.

"Toka kwangu," alisema. "Leo."

Kabla jua halijazama, binamu yake Wamaitha alikuwa amefika na gari kutoka mji wa jirani wa Alexandria. Mifuko miwili na sanduku moja. Mwishoni Wamaitha aliingia kwa Anna, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatoka. Cherono, aliyesimama kwenye ngazi, aliona ni unafiki mtupu.

Gari lilipoondoka, rejeta ilikuwa tayari ikigonga-gonga na kupata moto. Cherono aliketi kitandani karibu na mama yake, akamvua koti la juu.

"Ameenda, mama. Hakuna atakayekutesa tena."

Anna alianza kulia, kwanza bila sauti, halafu kwa mabega yote.

"Ni mimi niliyefunga," alisema. "Nilidhani ukiona baridi inaniua utanirudisha nyumbani. Wamaitha alinikuta, nikamwapisha asikwambie."