Ndala Chini ya Maneno

"Hapa pameandikwa nini?" mama aliniuliza, kidole chake kikiwa juu ya kisanduku cheupe katika ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Sampuli ya kitabu changu ilikuwa imefika asubuhi hiyo kutoka kwa mchapishaji. Kwa miaka mitatu nilichora soko zima bila neno hata moja: watu mia mbili na kumi, mbuzi anayetafuna risiti, na katika kila ukurasa ndala moja nyekundu iliyopotea, ndogo kama punje ya mchele. Mama hajui kusoma. Kila mchoro nilimwonyesha yeye kwanza, na ndala hakuikosa hata siku moja.

Leo kidole chake kilizunguka soko mara mbili, kikapita chini ya meza ya nyanya, kikarudi kwenye kisanduku ambacho mimi sikukichora.

"Pameandikwa, 'Watoto, ndala iko wapi?'"

"Haya, iko wapi?"

"Chini ya hayo maneno, mama. Yameifunika."

Alifunua ukurasa wa pili. Kisanduku, juu ya mbuzi. Wa tatu. Kisanduku, juu ya mwizi wa ndizi.

Simu ikalia. Alikuwa mhariri wa kitabu, na sauti yake ilijaa furaha. "Umeona tulivyokiboresha? Maana bila maneno, mzazi atamsomea mtoto nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alikisukuma kitabu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

"Kisome wewe, mwanangu. Mimi hiki sikiwezi."

Nikaisogeza simu mdomoni kwake.

"Hebu rudia, mama. Kwa sauti."