Kanga na Fumbo la Juzi ya Kesho

Wasemao wanasema, na wambea hawajakanusha, kwamba Kicheche alimkamata Kanga kichakani, akamkanyaga bawa. Kicheche huyo alijiona ndiye mwenye akili peke yake, hali windo lake mpaka alitegee fumbo.

"Bibi Madoa, juzi ya kesho ni Jumatano. Leo siku gani? Ukipata, nenda zako. Ukikosa, nakula."

Kanga, ambaye hata jani likianguka humtia kiwewe, alianza kuhesabu siku. Akianza na kesho, juzi inampotea. Akishika juzi, kesho inamponyoka. Jua nalo linadidimia, na wanawe hawajui mama yuko wapi.

"Juzi ya kesho ni jana," alinong'ona mwishowe. "Jana ikiwa Jumatano, leo Alhamisi! Niachie, bwana!"

Kicheche alicheka, meno yote nje. "Umechelewa, dada. Jua limeshazama, Alhamisi imekwenda nalo. Sasa tumo ndani ya Ijumaa. Umekosa!"

Kanga alifumba macho asiyaone meno yale. Kisha akafumbua jicho moja.

"Umesema Ijumaa?"

"Ijumaa, naapa!"

"Si wewe uliyeweka nadhiri mbele yetu sote, ulipopona tumbo, kwamba siku ya Ijumaa hugusi nyama?"

Kicheche alitazama juu. Mtini kunguru wawili walikuwa wameshainamisha shingo, wanasikiliza. Akauondoa mguu polepole, kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Wasalimie watoto," akasema, mate yakimdondoka.