Mashimo ya Mlimani

Enoch Tansley alilala chali kwenye ubao uliokingama mbele ya mashua, akatia nyayo zake kwenye ukuta wa handaki, akaanza kutembea. Ndivyo makaa ya mawe yalivyopitishwa chini ya mlima ule tangu enzi za babu zake, waliouchimba mfereji kwa sururu. Farasi anayeivuta mashua huvushwa juu ya mlima, na chini, gizani, watu wawili hulala chali na kuusukuma ukuta kwa miguu mpaka mashua itokee ng'ambo.

Upande wa pili wa ubao alilala Silas Pym, kibarua wa siku ile tu, naye hakuacha kunung'unika. Boti ya mvuke ipo, inavuta mashua zote, sasa huyu mzee na kifua chake kibovu anang'ang'ania nini? Tena kuanzia Jumatatu wenye mfereji wamepiga marufuku kupita kwa miguu. Enoch alikwenda ofisini kubembeleza, kofia mkononi, wakamcheka. Basi hii ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Silas alikuwa na kinyongo kingine. Asubuhi alimsalimu mwanamke aliyeshika farasi, tena kwa adabu, naye akavuta kofia yake kubwa usoni na kwenda zake kimya. Maringo gani hayo, kwa mtu wa mashua ya makaa?

Mbele yao mwanga ukaanguka majini. Ni shimo la kwanza la hewa, mojawapo ya yale ambayo wachimbaji walitolea kifusi.

"We mzee! Umelala?" Sauti ya kike ikashuka kutoka juu.

"Nimelala chali, mama Thirza. Kazi yenyewe ndiyo hii."

"Na viazi nilivyokuwekea? Usiniambie umempa paka."

"Paka kavikataa."

Kicheko kikajaa shimoni. Silas naye akacheka, apende asipende. Kumbe bibi ana maneno! Enoch akamweleza kwamba ndiyo desturi ya nyumba yao tangu siku ya harusi: mke juu na farasi, mume chini na mashua, na kila shimo lazima wataniane. Boti ya mvuke ikipita, mngurumo wake humeza kila kitu na moshi huyajaza mashimo. Hakuna anayeweza kusimama pale juu, wala wa chini hasikii.

"Ndiyo hilo tu linalokuua?" Silas akauliza. "Si mtataniana jioni, mkila?"

Enoch aliendelea kutembea ukutani, akikohoa.

Kwenye shimo la pili alikaripiwa kwa kusahau skafu. Akajitetea kwamba skafu ile inawasha, akaambiwa ni yeye mwenyewe anayewasha. Silas alicheka hadi akakosa hatua.

Shimo la mwisho sauti ilishuka polepole.

"Mzee, safari ijayo utapita huku?"

Miguu ya Enoch ikasimama. Mashua ikasogea upande, ubavu wake ukakwaruza matofali, na Silas akabaki anasukuma peke yake.

"Nitapita," Enoch alisema hatimaye. "Mimi na wewe, mama Thirza. Kwani lini niliacha kupita?"

"Basi uje na skafu."

Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, maana alikuwa amelala chali. Silas aliyaona, akazidi kusukuma.

Walipotokea nje, mwanamke alikuwa amekwisha fika, kasimama ukingoni na farasi, kofia imemfunika uso. Silas akaruka nchi kavu, akavua kofia yake.

"Mama Thirza, leo umenivunja mbavu!"

Mwanamke hakujibu. Aliinama kumfunga farasi kamba, akatangulia njiani.

Silas akamgeukia Enoch, uso umemshuka. "Sasa na hapa nimemkosea nini?"

"Hujamkosea," Enoch alisema, akimtazama mwanamke yule anavyokwenda. "Mama Thirza tulimzika mfereji ulipoganda barafu. Huyo ndiye Thirza mwenyewe, binti yetu, na tangu siku ile hasemi neno ila pale mashimoni, kwa sauti ya mama yake."