Kibaba cha Pili

Kwa miaka kumi na minne, kila mahakama ilipofika mji ule, Hakimu Lukindo alikula mchana kwa Mama Nehemia, maana mgahawa ulikuwa huo mmoja tu. Leo, saa nane, angemsomea hukumu Nehemia mwenyewe. Alishaiandika. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na tangu aketi mkono wake haukubanduka pale.

Mama akamwekea sahani ileile ya siku zote, wali na nyama ya shingo, bila pilipili. Kijiko kikagonga meno ya hakimu.

"Chakula kibaya, mheshimiwa?"

"Kizuri, mama."

"Mambo ya mahakamani sikuulizi. Ila nami nakuja huko, kwa hiyo cha jioni cha nyumbani napika sasa hivi." Akachota kibaba cha mchele, akakimimina kwenye sufuria. "Hiki changu." Akachota cha pili, akakishikilia juu ya maji yanayotokota. "Nimimine na hiki?"

Hakimu akatazama saa ya ukutani. Mvuke ukapanda, ukavifunika vidole vya mama, navyo havikusogea.