Paka Aliyejiburuta Zuliani

Nuutti alikaa kitako mezani, akaburuza makalio hatua mbili, kisha akajipinda na kuanza kujilamba chini ya mkia bila kukoma.

"Ndivyo anavyofanya nyumbani," Raija alisema. "Zulia lote la sebuleni."

Daktari wa wanyama, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hakumtazama. Tangu asome jina kwenye kompyuta alikuwa akimwangalia paka tu.

"Tangu lini, bibi?"

"Wiki ya pili hii. Kwanza nilidhani minyoo. Halafu ikaja harufu, kama ya samaki aliyeoza. Juzi nilimgusa kiunoni, akaning'ata."

"Umri wake?"

"Kumi na minne. Unajua."

Daktari akaandika kumi na minne. Nje theluji ilikuwa ikifunika magari. Raija alikuwa ametoka Kajaani kwa treni ya alfajiri, kikapu mapajani, hajala na wala hasikii njaa.

"Huko kwenu hakuna madaktari wa wanyama?"

"Wapo watatu."

Daktari akavaa glavu. Nuutti, ambaye humparura kila mgeni, alimlazia kichwa kwenye kiganja akaanza kukoroma kwa raha. Daktari akamkuna nyuma ya sikio. Kisha akainua mkia na kubonyeza taratibu, kulia, halafu kushoto. Harufu ikajaa chumba kizima. Hakuna aliyeziba pua.

"Tezi zimeziba," alisema kwa sauti ileile kavu. "Ni vifuko viwili, pembeni mwa tundu la haja. Hiki cha kushoto kimeanza kutunga usaha. Ungechelewa wiki moja, kingepasuka. Wengi hawaoni dalili mapema hivi."

"Tangu Septemba sijatoka nyumbani ila leo. Mtu akikaa chumba kimoja, anaona mengi."

Daktari akageukia kabati la dawa. Alisukuma chupa ya dawa mezani.

"Mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Akianza tena kujilamba au kujiburuta, piga simu."

"Nikikupigia, hupokei."

"Piga ya mapokezi."

Raija akamrudisha Nuutti kikapuni, akafunga kifuniko. Hakuondoka. Alikishika kikapu kwa mikono miwili.

"Kuna jingine, bibi?"

"Lipo," Raija alisema. "Baba yako alifariki jana asubuhi, mwanangu."