Kilichomvuta Nyuma

Sekela alirudi kutoka kituo cha mtihani Ijumaa mchana, alama zake zimepanda hadi tisini na sita. Kila anayerudia mtihani wa kuingia chuo huondolewa kwanza, hukohuko kituoni, kile kinachomvuta nyuma, na sisi wazazi hatuambiwi ni nini mpaka tujionee wenyewe nyumbani. Nilidhani kwa mwanangu kitakuwa usingizi wa asubuhi, au ile simu.

Nikamwekea chai na maandazi. Akala vizuri, huku akinisimulia habari za udaktari anaokwenda kuusomea. Chumbani mwanawe mchanga, Ipyana, akaanza kulia, kile kilio cha njaa ambacho kabla ya mtihani kilimtoa Sekela hata bafuni na povu kichwani.

Hakugeuka.

"Mwanangu, mtoto analia," nikamwambia.

"Namsikia, mama," akajibu kwa upole. "Wenyewe wanakuja kumchukua saa ngapi?"

Nikaenda kumbeba Ipyana, nikamleta mezani, nikamsogeza karibu na mama yake. Sekela akamtabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani. Kisha akaona blauzi yake imelowa maziwa kifuani, akaishika kwa vidole viwili.

"Mama," akaninong'oneza, "nina ugonjwa gani?"